Ganda la Chuma Linabeba Lawama za Wengine

Hotuba kwa mkutano wa wapiga shabaha na wawindaji wanaozungumza Kiswahili, Texas

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu na dada zangu, habari za mchana. Mliofika jana usiku kutoka Houston na Oklahoma, poleni na safari.

Mwenyekiti ameniomba nizungumzie jambo linalogombanisha watu karibu kila tukikutana uwanja wa shabaha: risasi za bei nafuu zenye ganda la chuma. Nimewaona watu wazima, mmoja mzaliwa wa Tanga na mwenzake wa Bukavu, wakinuniana mchana kutwa kwa sababu yake. Huyu anasema takataka ile, inaua bunduki. Yule anasema amepiga maboksi kwa maboksi na bunduki yake haijawahi hata kukohoa. Ukitazama mikononi mwao unaona mmoja kashika AR-15, bunduki ya Kimarekani, na mwingine kashika AK, ya Kirusi, na ugomvi wote uko hapo. Wabadilishie bunduki, utasikia wamebadilishana na maneno.

Niseme mapema kwamba mimi ni fundi, na fundi huletewa zilizokwama. Zinazofanya kazi hukaa makabatini mwa wenyewe, mimi sizioni. Kwa hiyo mkinisikia nailalamikia aina fulani ya bunduki, punguzeni kidogo.

Hoja yangu ni hii. Risasi moja ina vitu vinne: ganda, fataki iliyo kitakoni mwa ganda ya kuwashia baruti, baruti iliyo ndani, na kichwa kinachoruka. Likitokea baya, watu hulaumu ganda, maana ganda ndilo linalodondoka miguuni, la kijivu, lisilo na sura, linaloshika kutu likinyeshewa. Lakini mengi ya makosa wanayolibandika ni ya wale watatu wengine. Leo nataka kuigawa kesi upya, kila mmoja abebe lake.

Tuanze na makosa ambayo ni ya ganda kweli.

Baruti ikiwaka, shinikizo ndani ya chemba, pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa, hupanda kufumba na kufumbua. Kwa .223, risasi ya AR-15, kiwango cha juu kinachokubaliwa na viwanda vya Marekani ni pauni 55,000 kwa kila inchi ya mraba. Kwa 7.62x39 ya AK ni 45,000. Bastola ya milimita 9 ni 35,000, na .45 ya wazee ni 21,000 tu. Shinikizo hilo hulivimbisha ganda mpaka likabana ukuta wa chemba, na kubana huko ndiko kunakozuia gesi isirudi nyuma. Shinikizo likishuka, ganda linatakiwa lisinyae kidogo, lilegee, kulabu ya bolti, kile chuma kinachofunga chemba kwa nyuma, ilivute, litupwe nje. Yote hayo kabla hujapepesa jicho.

Shaba ya njano, ile inayochanganywa shaba nyekundu na zinki, ambayo ndiyo ya maganda ya kawaida, imejaliwa kipaji cha kazi hii. Inatanuka upesi, inabana sawasawa, halafu inajirudi. Chuma ni kikaidi zaidi: ukitaka kukivuta kwa kiasi kile kile unahitaji nguvu karibu mara mbili. Hapo yanazaliwa makosa mawili. Ganda la chuma halibani chemba vizuri kama shaba, kwa hiyo masizi kidogo hupenya pembeni na kubaki chembani. Tena likishatanuka halijirudi kwa kiasi cha kutosha, hivyo hubaki limekaza zaidi wakati kulabu inapolivuta. Makosa yake ni hayo mawili, na sitayapunguza. Ila kama yatakwamisha bunduki au hayataikwamisha, hilo linategemea aliyeisanifu bunduki alitarajia kulishwa nini.

Watu hudhani ganda la chuma ni ujanja wa wafanyabiashara wa juzi. Siyo. Wajerumani walipokaukiwa na shaba katika Vita Kuu ya Pili walitengeneza risasi za Mauser kwa ganda la chuma lililopakwa laka, aina ya vanishi, na majeshi yao yakapigana nazo. Wamarekani wenyewe, pamoja na madini yao yote, walifanya vivyo hivyo. Kiwanda cha Evansville, Indiana, kilichoendeshwa na Chrysler, wale wale wa magari, kilitoa risasi za .45 zenye ganda la chuma kwa wingi, zikaingia kwenye bastola za Colt na bunduki za Thompson. Anayesema Mmarekani halisi hapigi chuma, amkumbuke babu yake.

Warusi walikwenda mbali zaidi. Wengine walitumia chuma kwa dharura. Wao waliifanya dharura kuwa desturi. Risasi ya 7.62x39 ilibuniwa mwaka 1943, vitani, na ganda lake la chuma kwanza lilivikwa tabaka la shaba nyekundu, baadaye likapakwa laka, ile ya kijani iliyokolea ambayo wengi hapa mnaifahamu kwa macho. Lakini tazameni umbo lake. Ganda la AK limechongoka: kitako ni kipana, na mwili unapungua waziwazi kuelekea shingoni. Hata magazini ya AK imepinda kama mundu kwa sababu hiyo hiyo, kwani risasi zilizochongoka zikipangwa moja juu ya nyingine hujipinda zenyewe.

Faida ya kuchongoka mnaijua jikoni. Sufuria za dukani, zile zilizopanuka mdomoni, unazipanga moja ndani ya nyingine na kuzitoa bila taabu. Ukizisogeza kidogo tu zimeshaachana. Sasa chukua vyombo viwili vyenye kuta zilizonyooka, kimoja kikiwa kimeingia barabara ndani ya kingine, ujaribu kuvitenganisha. Utaita watoto wakusaidie. Ganda la AK likisogea nyuma unywele mmoja limeshaachana na ukuta wa chemba pande zote. Ganda la .223, lililonyooka zaidi, linaburuza ukuta kwa safari ndefu zaidi kabla halijawa huru. Kwa shaba inayojirudi hilo si tatizo. Kwa chuma kisichojirudi vizuri, ndani ya chemba yenye masizi, ndipo kulabu inapoanza kutoa jasho.

Ongezeni na mengine ya AK. Chemba yake na mtutu wake hupakwa kromi ndani. Kulabu ni nene. Bolti ikianza kuzunguka hulilegeza ganda kwanza kabla ya kulivuta. Pistoni yake ndefu hupewa gesi nyingi kuliko inavyohitaji, ikarudi nyuma kwa kishindo ambacho kingetoa hata msumari. Bunduki hii imezaliwa na ganda la chuma, imekua nalo. Ndugu zetu waliotoka Kivu hawahitaji fundi wa kuwaeleza kwamba AK inakula chochote. Walijua hilo wakiwa wadogo kuliko ilivyostahili, na sitaki kulifanyia mzaha. Nalitaja kwa kuwa uzoefu wao ni wa kweli, ila ni uzoefu wa AK. Usiuchukue ukaupeleka kwenye bunduki nyingine.

Tuje AR-15, maana hapa Texas ndiyo iliyojaa ukumbini.

AR-15 haina pistoni ndefu ya kupiga kishindo. Gesi inasafiri kwa bomba jembamba kutoka mtutuni mpaka ndani ya kibeba bolti na kukisukuma. Ni mfumo mwepesi, wenye shabaha nzuri, na hesabu yake imebana. Gesi ikipungua kidogo, kibeba bolti hakifiki nyuma kabisa: kinatupa ganda lakini hakichukui risasi inayofuata, au kinalibana ganda mlangoni. Hapa ndipo baruti inapoingia kesini. Baadhi ya risasi za bei nafuu zimejazwa baruti ambayo, mpaka kichwa kinapopita tundu la gesi, shinikizo limeshashuka kuliko AR ilivyozoea. Bunduki inakuwa mvivu. Mwenyewe anaokota ganda, analiona la chuma, anatukana chuma. Kosa ni la baruti. Baruti hiyo hiyo ukiitia kwenye ganda la shaba, uvivu ni ule ule.

Na kwa wanaoamini kwamba ganda la shaba halinasi, niwakumbushe Vietnam. Mwaka 1966 na 1967 bunduki za M16, ndugu za kijeshi wa AR-15, zilikuwa zinakwama mikononi mwa askari wa Marekani, ganda likinasa chembani na kulabu ikichana ukingo wake. Mambo yalifika Bunge la Marekani; kamati ndogo iliyoongozwa na mbunge Richard Ichord ilichunguza mwaka 1967. Maganda yale yalikuwa ya shaba tupu. Kilichokuwa kimetokea ni kwamba aina ya baruti ilibadilishwa, chemba hazikuwa na kromi zikaliwa na kutu ya msituni, na askari walipewa bunduki bila vifaa vya kutosha vya kusafishia, kana kwamba inajisafisha yenyewe. Chemba zilipowekwa kromi na vifaa vikagawiwa, hali ilibadilika. Kwa hiyo fundi akisikia ganda limenasa, kitu cha kwanza anachokitazama ni chemba. Ganda linasubiri.

Jaribio bora ninalolijua kuhusu suala hili lilifanywa na wauza risasi wa hapa Marekani, Lucky Gunner, wakalichapisha mwaka 2013. Walichukua AR-15 nne za Bushmaster, kila moja wakaipangia risasi 10,000 za aina moja: Federal ya ganda la shaba, na tatu za Kirusi za ganda la chuma, yaani Wolf, Brown Bear na Tula. Federal ilimaliza zote 10,000 bila kukwama hata mara moja. Brown Bear ilikwama mara 9. Wolf mara 15. Bunduki ya Tula ilinasa maganda mapema mno hata ikabidi iwekwe kando. Walipoihamishia Tula hiyo hiyo kwenye bunduki nyingine, mambo yakaenda vizuri.

Kaeni kidogo na matokeo hayo. Anayechukia chuma ataona sifuri dhidi ya 15, na ana haki. Anayependa chuma ataona 15 katika 10,000, akuulize ni Jumamosi ngapi za kupiga shabaha mpaka ukwame mara moja, naye ana haki. Mimi jicho langu linatua kwenye Tula. Risasi ni zile zile, bunduki zote ni AR. Moja inazikataa, nyingine inazila. Tofauti ilikuwa kwenye bunduki, pengine unene wa unywele ndani ya chemba au kwenye njia ya gesi. Ndiyo maana ukiniuliza "fundi, AR inafaa chuma?" mimi nakuuliza AR ipi, ile iliyo mkononi mwako sasa hivi, na ushaipiga maboksi mangapi. Wale wenye mitutu ya mashindano, yenye chemba zilizobanwa kutafuta shabaha ya kipimo cha sarafu, nawaambia bila kuzunguka: wekeni shaba. Hamkutoa pesa zote zile ili muokoe senti.

Kuna hadithi moja nataka ife leo hapa ukumbini. Wanasema laka iliyo juu ya ganda huyeyuka kwa joto la chemba, inaganda kama gundi, na ndiyo inayonasa maganda. Watu wameyachoma maganda yenye laka kwa moto wa mafundi na laka haikutiririka. Kinachotokea hasa ni kile nilichokitaja: masizi. Unapiga chuma asubuhi nzima, masizi yanajipanga chembani. Mchana unabadilisha, unatia shaba. Shaba inatanuka vizuri, inayakumbatia yale masizi yote, inanasa. Halafu mtu anasema laka imeyeyuka. Kama unataka kuchanganya siku moja, anza na shaba umalizie na chuma, au katikati ya hizo mbili pitisha brashi ya chemba. Brashi yenyewe ni ya dola chache.

Bastola nitapita haraka, kwa sababu hakuna mengi. Shinikizo ni dogo, ganda ni fupi, na lile la milimita 9 lenyewe limechongoka kidogo. Bastola nyingi za kawaida zinameza chuma bila manung'uniko. Maganda ya alumini yanauzwa hapa miaka mingi na watu hawayapigii kelele, jambo ambalo sijawahi kulielewa.

Wakenya hapa wanaifahamu G3, bunduki ya Kijerumani, kwani polisi wa kule wameibeba miaka mingi. Ile ni mfano mzuri wa msanifu aliyewaza mbele. Bolti ya G3 huanza kurudi nyuma wakati bado kuna shinikizo ndani, jambo ambalo kwa kawaida lingelichana ganda. Kwa hiyo chemba yake ilichongwa mifereji midogo kwa urefu, gesi inapita humo na kuliogesha ganda kwa nje, lisigande ukutani. Bunduki za ukoo huo huwa hazijali sana ganda ni la nini. Utalitambua ganda lake chini kwa mistari myeusi pembeni. Mwenye kuokota maganda ili ayajaze upya huyachukia kwa hilo, na kwa namna bunduki inavyoyarusha mbali.

Sasa fataki, mshitakiwa wa pili. Fataki nyingi za risasi za Kirusi ni ngumu, kwa sababu zilisanifiwa kwa bunduki zenye nyundo nzito. Tia risasi hizo kwenye bunduki yenye springi laini, hasa iliyobadilishwa triga ili ivutike kwa kidole cha mtoto, utasikia "tak" na kimya. Ruger Mini Thirty, bunduki ya Kimarekani ya 7.62x39, imelalamikiwa sana kwa hili. AR zilizotengenezwa kwa 7.62x39 pia, nazo zina matatizo yao ya ziada: kitako cha risasi ile ni kipana, uso wa bolti ikabidi utobolewe zaidi, kulabu na meno ya kufungia bolti vikabaki vyembamba, na magazini lazima ipinde wakati mlango wa magazini wa AR umenyooka. Mtu ananunua bunduki ya namna hiyo ili apige risasi rahisi, kisha anatumia akiba yote kwa bolti, pini na magazini za majaribio. Akipenda, chongo huita kengeza.

Mwenye SKS, bunduki nyingine ya Kirusi ya 7.62x39, ana hatari ya upande wa pili. Pini yake ya kugonga fataki inacheza huru ndani ya bolti. Ikiwa chafu, imejaa grisi ya kuhifadhia iliyoganda, inaweza kunasa ikiwa imetokeza mbele. Bolti ikijifunga, risasi inatoka bila kidole kugusa triga. Fataki laini za kiraia zinazidisha hatari hiyo. Fungua bolti, ioshe mpaka ukiitikisa usikie pini inagonga mbele na nyuma.

Fataki ina kosa lake jingine, la chumvi, na hili ndilo linalosingiziwa ganda kuliko yote. Fataki za zamani za kijeshi zilikuwa na klorati ya potasiamu. Ikiungua huacha chumvi mtutuni, chumvi huvuta unyevu wa hewa, na baada ya siku chache Houston au Mombasa mtutu umeota kutu. Watu wamehitimisha kwamba chuma ndicho kinachoozesha. Lakini risasi za Wolf na Tula zilizoletwa kwa soko la hapa hazina chumvi hiyo. Na kinyume chake, ile M67 ya Yugoslavia ya 7.62x39, ganda lake ni la shaba safi inayometameta, imejaa chumvi. Tena SKS za Yugoslavia zenyewe hazikupakwa kromi mtutuni, kwa hiyo anayependezwa na mng'aro wa ganda ndiye anayepoteza bunduki. Ukipiga risasi za namna hiyo, osha mtutu kwa maji siku ile ile. Maji, wazee. Chumvi haiyeyuki kwa mafuta. Maji ya moto yanakauka upesi. Yakikauka ndipo utie mafuta.

Kichwa cha risasi nacho kina kesi yake. Risasi nyingi za bei nafuu, kichwa chake kimevikwa chuma laini kilichopakwa shaba nyekundu juu. Macho yatakuambia shaba. Sumaku itakuambia ukweli. Katika jaribio lile la 2013, mitutu iliyopiga Wolf na Brown Bear ilikuwa imekwisha kwenye risasi 6,000 hivi, shabaha imetawanyika, wakati mtutu wa Federal ulifika 10,000 ukiwa bado unaheshimika. Aliyekula mtutu ni kichwa, kwa kuwa ganda halitoki chembani kwenda popote mbele. Walipiga haraka na mitutu ikiwa moto, kwa hiyo wewe unayepiga polepole usitegemee namba hiyo hiyo. Lakini mwelekeo ndio huo.

Na hapa ndipo mnapokatazwa kwenye viwanja vya ndani. Mhudumu anapitisha sumaku kwenye risasi yako, inashika, anakwambia rudisha garini. Usigombane naye. Kichwa chenye chuma hutoa cheche, huweza kuwasha moto penye vumbi la baruti, na huharibu vyuma vya kuzuia risasi. Wengine wanakataa hata ganda lenyewe, kwa kuwa wanauza maganda ya shaba kwa wanunuzi wa chakavu na hawataki kuchambua. Mkumbuke tu kwamba sumaku kwenye ganda na sumaku kwenye kichwa ni vipimo viwili tofauti. Hornady, kampuni ya risasi ya hapa Marekani, kwa mfano, wamewahi kuuza risasi za ganda la chuma zenye kichwa cha shaba.

Pesa. Najua ndilo mlilolisubiri.

Mwaka 2013 wale wajaribu walipiga hesabu na kuona kwamba hata ukinunua mtutu mpya, akiba ya risasi inakulipa na chenji inabaki. Hesabu hiyo ilikuwa sahihi kwa bei za wakati ule. Lakini soko hili limefungwa mlango baada ya mlango. Mwaka 1994 Marekani ilizuia silaha na risasi kutoka China. Mwaka 2014 ikazuiwa ile risasi ya 7N6 ya Kirusi, ya milimita 5.45. Kisha Agosti 2021, baada ya sumu aliyopewa Navalny, mpinzani wa serikali ya Urusi, serikali ya Marekani ilitangaza vikwazo, na kuanzia tarehe 7 Septemba mwaka huo vibali vipya vya kuingiza risasi kutoka Urusi vikawa vinakataliwa. Kilichobaki madukani ni mabaki ya vibali vya zamani na bidhaa za nchi nyingine. Tofauti ya bei imepungua, na pengine utakuta mtu anauza chuma kwa bei ya shaba kwa sababu tu boksi limeandikwa Kirusi.

Kwa hiyo pigeni hesabu kwa bei ya siku ile, pale pale kaunta. Tuseme tofauti ni senti 10 kwa risasi; kwenye risasi 5,000 umeokoa dola 500, unaweza kununua mtutu wa AR wa kawaida na kumlipa fundi. Tofauti ikiwa senti 3, ni dola 150, na mtutu umeshakushinda. Toa pia thamani ya ganda: la shaba unaweza kulijaza upya au kuliuza, la chuma unalifagia. Mwenye AK hesabu yake ni nyepesi zaidi, maana bunduki haimsumbui na mtutu wa kromi unavumilia. Mwenye AR ya kulinda nyumba, hata hizo 9 katika 10,000 mimi singezikubali usiku wa manane. Piga mazoezi kwa chuma ukitaka, lakini magazini iliyo kabatini iwe na shaba, na uwe umeshaijaribu hiyo shaba kwenye bunduki hiyo hiyo.

Jambo la sheria, kwa kifupi, kwa kuwa kila mwaka kuna mgeni anayealikwa na binamu yake uwanjani. Aliye hapa kwa visa ya muda, ya masomo au ya kazi, sheria ya shirikisho kwa kawaida inamkataza kumiliki bunduki, na inamkataza risasi pia. Kuna misamaha michache, mmojawapo ni kuwa na leseni halali ya uwindaji. Mwenye ukaazi wa kudumu hana kizuizi hicho. Muulizeni mwanasheria kabla, si baada.

Nimalizie na ganda lililonasa, maana nimeona watu wakifanya mambo ya kutisha. Bolti haifunguki, mtu anaigeuza bunduki, anaweka mdomo wa mtutu karibu na tumbo lake avute vizuri. Hapana. Elekeza mtutu kwenye kilima cha uwanja, toa magazini, weka usalama ikiwa bunduki inakubali. Hakikisha kwanza kilichomo ni ganda tupu. Kama hujui ni tupu au ni zima, usiguse, muite msimamizi. Kwa AR, ukishajua ni tupu, funga kitako kiwe kifupi, shika mpini wa kukokia kwa nguvu ukiuvuta nyuma, gonga kitako chini kwenye udongo, kichwa chako kikiwa mbali na njia ya mtutu. Likikataa kabisa, ufito wa kusafishia kutoka mbele, polepole, ulisukume nje. Kisha usiendelee kupiga mpaka usugue chemba, kwa sababu lililonasa limekwambia ya pili nayo inakuja.

Na ukipiga ukasikia sauti hafifu, "puf", bila teke begani, simama hapo hapo hata kama mwenzako anakuhimiza. Huenda baruti ilikuwa pungufu na kichwa kimebaki katikati ya mtutu. Risasi inayofuata ndiyo inayopasua bunduki na vidole. Toa magazini, fungua bolti, hakikisha chemba haina kitu, kisha pitisha ufito uone mwanga au uguse kizuizi.

Kwenye meza ile nimeweka maganda ya chuma na ya shaba yaliyokwishapigwa, sumaku mbili, na chemba ya zamani iliyokatwa kwa urefu ili muone masizi yanakokaa. Hakuna risasi nzima mezani, na tafadhali msiongeze. Mwenyekiti, maswali.